Kichwa cha Tewa Kiko Wapi?

Kikundi: NYUMBA YA MAMA, MAWENI (Malindi)
Jumapili

08:14 Swabra: Asalaam aleikum jamaa. Alhamdulillah jana mkahawani tumekula, tumecheka, Mama kavaa buibui lake jipya. Sasa tuje kwenye mambo ya dunia. Bili ilikuwa 16,590. Nililipa mimi kwa Mpesa ili tusizozane mbele ya weta. Tugawane watatu: mimi, Farid, Hamisi. Kila mtu 5,530. Nasra bado mwanafunzi, hatozwi.

08:15 Nasra: 🙏🙏 Mungu akupe maisha marefu dada

08:21 Farid: Nimetuma. Angalia kama imeingia.

08:22 Swabra: Imeingia kaka, Mungu akuzidishie.

08:40 Hamisi: Waaleikum salaam. Dada, mimi nilikula pizza ya 1,100 na juisi ya 350. Hizo elfu nne zilizobaki nakula lini?

08:41 Swabra: Na yule samaki, tewa, uliyekuwa ukimvizia kwenye sahani ya Mama?

08:41 Hamisi: Vipande viwili. Kila kimoja saizi ya sabuni ya hotelini.

08:43 Swabra: 📷 Risiti

08:50 Khalati Zuhura: Waaleikum salaam wanangu. Picha haifunguki, neti ya Amu leo mbovu. Nisomeeni.

08:55 Nasra: Shikamoo Khalati. Risiti inasema hivi: tewa kilo 2.4 ni 6,000. Pizza mbili 2,200. Tambi za kaa 1,450 (zangu 🙈). Kuku na chipsi za watoto wa kaka, sahani mbili, 1,500. Juisi saba 2,450, maji chupa tatu 600, aiskrimu nne 1,600. Jumla 15,800, na asilimia 5 ya huduma 790. VAT ile ya 16 na ushuru wa utalii wa 2 zimo ndani ya bei, hazikuongezwa juu.

08:56 Khalati Zuhura: Marahaba mwanangu. Nswi mmoya elfu sita??

08:57 Hamisi: Ndiyo maana nauliza, Khalati. Mimi nikidhani 6,000 ni nambari ya meza.

09:05 Mjomba Salim: Nani aliuliza bei kabla hajapikwa?

09:06 Farid: 😶

09:07 Swabra: Mjomba, kwenye menyu wameandika "samaki wa leo, kwa uzito". Weta akaja na sinia lina barafu: changu, kolekole na huyo tewa. Mama akamfunua shavu, akachungulia, akasema huyu wa leo, mwekundu bado. Tukafurahi, yule kijana akaenda zake. Nimekuja kuisoma ile menyu wakati wa kulipa. Chini kabisa, maandishi ya mchwa: 250 kwa kila gramu 100.

09:10 Mjomba Salim: Basi kilo 2,500. Mimi kwangu sokoni wiki hii tewa ni 600, na ni kusi hii, mashua ndogo hazithubutu kutoka nje ya mwamba. Lakini msimlaumu mwenye mkahawa. Ana stima ya kulipa, ana friji, ana vijana kumi, na tangu Aprili mpaka juzi alikuwa amefunga kwa kukosa wateja. Mimi nina kisu na ndoo.

09:11 Hamisi: Mjomba mbona unawatetea, wananunua kwako?

09:11 Mjomba Salim: Alhamisi na Jumamosi 😄

09:14 Khalati Zuhura: Na pahala penyewe ni pa Wataliano? Muliuliza habari ya nguruwe?

09:17 Swabra: Nilipiga simu tangu Jumatano, Khalati. Nguruwe haingii jikoni na pombe hawauzi. Mwenyewe ni mtu wa hapa hapa, alipikia Wataliano miaka na miaka, sasa amefungua pake. Hata unga wa pizza anaukanda mwenyewe.

09:19 Mjomba Salim: Baba yetu Mungu amrehemu alikuwa akisema Wataliano walikuja Ngomeni kurusha roketi, tena 1967 wakarusha kweli kutoka baharini, halafu wakasahau njia ya kurudi kwao. Ndiyo leo wajukuu zake wanakula tambi.

09:20 Nasra: 😂😂

09:26 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

09:35 Khalati Zuhura: Sauti ya dada pia haifunguki. Asemaye?

09:44 Nasra: Naandika alivyosema, msinikate.

"Asalaam aleikum. Mimi bei siisemi, watoto wangu wamenitoa, Mungu awalipe. Pale pazuri. Meza chini ya mwembe, taa ndogo ndogo matawini, upepo unapita. Kijana akanitandikia kitambaa mapajani kama mtoto mchanga. Nikaomba maji ya kunawa, akaleta bakuli la maji ya vuguvugu na limau ndani, nikasema huyu kafunzwa na mamake. Lakini nina jambo, nalo limeninyima usingizi. Yule tewa nilimshika kwa mkono wangu. Alikuwa na kichwa. Aliporudi ilikuja minofu minne imelala juu ya viazi vya kuponda, na majani matatu. Nikanyamaza, nikasema kichwa kinakuja nyuma. Ikaja aiskrimu. Sasa nauliza, kichwa kiko wapi?"

09:46 Khalati Zuhura: Hata mimi nauliza! Kitwa kiko wapi?

09:47 Hamisi: Ngojeni kwanza. Alipimwa na kichwa?

09:48 Swabra: Alipimwa mzima.

09:52 Mjomba Salim: Tewa ni kichwa. Huyo si nguru. Ukimtoa kichwa, mfupa wa mgongo na matumbo, katika kilo 2.4 ukipata kilo moja na kidogo ya mnofu shukuru.

09:53 Hamisi: Kwa hiyo zaidi ya elfu tatu ilibaki jikoni. Na mimi nadaiwa 5,530. Wallahi hii kesi nashinda.

09:55 Mjomba Salim: Hata mimi napima na kichwa, kila mtu anapima na kichwa. Ila kwangu unaondoka nacho.

10:02 Wifi Akinyi: Habari za asubuhi wapendwa. Mimi nilikuwa najiuliza tangu jana lakini nikaona mgeni asianze. Kwetu Kisumu ukiletewa ngege bila kichwa unauliza kama paka ametangulia mezani.

10:03 Khalati Zuhura: 😂 Huyu ndiye mke

10:04 Wifi Akinyi: Lakini tuseme ukweli. Yule kijana aliuliza: "Tumlete mzima au tutoe mifupa?" Na kuna mtu alimjibu.

10:04 Nasra: 👀

10:05 Swabra: Nani?

10:09 Wifi Akinyi: Aliyekuwa amekaa kushoto kwangu.

10:16 Farid: Nilikuwa nafikiria watoto! Twaha alikwamwa na mwiba Idi iliyopita, mnakumbuka tulivyohangaika na ndizi na wali mkavu. Na nilisema MIFUPA. Sikusema kichwa.

10:17 Hamisi: Kaka, kichwa ni mfupa wenye macho.

10:20 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:06)

10:21 Nasra: Anasema: "Farid. Mwanangu wa kwanza."
Basi. Hajamaliza.

10:22 Farid: Mama nisamehe

10:30 Swabra: Na wewe Farid kuna lingine. Nilikuona ukiweka noti ya 500 chini ya kisahani. Huduma si ilishakatwa 790?

10:33 Nasra: Hapo kaka hana kosa. Chuoni tumefunzwa ile asilimia kila nyumba ina utaratibu wake, kuna wanaogawia vijana wote mwisho wa mwezi, kuna ambapo haiwafikii. Ukimpa weta mkononi unajua imefika. Yule kijana alitutumikia vizuri, alibadilisha juisi ya Twaha bila kununa.

10:35 Hamisi: Nasra, chuoni hawajakufunza kichwa huenda wapi?

10:38 Nasra: Wametufunza 😬 Kichwa na mifupa havitupwi. Vinachemshwa na kitunguu na figili, inakuwa supu ya msingi. Ndiyo wanayotia kwenye wali wa kamba, kwenye sosi za tambi...

10:38 Swabra: Sosi za nini?

10:39 Nasra: Ya jana haiwezi kuwa huyo huyo, inapikwa asubuhi!

10:41 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

10:42 Nasra: Anasema nimekula kichwa chake. Mama niko hapa hapa jikoni nawe, niambie kwa mdomo tu jamani

10:50 Hamisi: Nimewapigia. Nimeongea na meneja, mtu muungwana, hakukasirika. Anasema hakuna aliyekiomba, kwa hiyo walikiweka kwenye friji, vijana wakipike mchana. Atatuwekea mpaka saa nane. Amesema siku nyingine tuseme "na kichwa" tangu mwanzo, wanakipika mchuzi wa nazi wala hawatozi.

10:51 Farid: Alhamdulillah

10:51 Swabra: Hawatozi?? Ingeandikwa hiyo chini ya menyu.

10:53 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:21)

10:55 Nasra: "Hamisi, nani alikutuma kuwapigia watu simu kwa ajili ya kichwa, tutaonekana watu gani? Nenda kabla ya adhuhuri jua halijawa kali. Angalia shavu. Na upitie bizari kwa Mhindi, na ndimu."

11:48 Hamisi: 📷 Picha
Haya. Kimefungwa kwa karatasi ya fedha, wakanitilia na barafu. Kizito huyu.

11:52 Mjomba Salim: Hamisi fungua vizuri, piga picha upande.

11:53 Hamisi: 📷 Picha

11:54 Mjomba Salim: Paji hilo limesimama kama ukuta wa ngome. Tewa ana mdomo mpana na madoa. Huyo ni kolekole.

11:55 Swabra: Aaaaah

11:55 Farid: Mimi simo safari hii

11:56 Hamisi: Nimeshafika Barani na tuktuk yangu jamani. Nirudi?

11:57 Wifi Akinyi: Ni yule mwingine wa kwenye sinia. Basi kuna meza nyingine sasa hivi inatafuta kichwa chao 😂

11:58 Khalati Zuhura: Na cha dada kimeliwa na nani? Mimi sitolala leo.

12:01 Mama: 🎤 Ujumbe wa sauti (0:04)

12:02 Nasra: "Mlete tu. Nazi nishakuna."

12:06 Hamisi: Dada nimetuma 5,330. Mia mbili nimekata mafuta ya kwenda na kurudi.

12:07 Swabra: Fika na kichwa kwanza, tutaongea mezani.

12:07 Mjomba Salim: Wekeni sahani yangu, nafunga saa saba.