Mrejesho: Kula mgahawani na watoto wadogo hapa Madrid

Nawashukuru wote mlionijibu nilipouliza tutakulaje nje na watoto wa miaka miwili na minne, ilhali migahawa mingi hapa huanza kutoa chakula cha usiku saa mbili na nusu, wakati wao wameshasinzia. Ushauri wa kuhamishia mlo huo mchana umefaa sana: siku za kazi tunaagiza menyu ya siku, yenye vyakula viwili, mkate na kitindamlo kwa bei moja, tukikaa meza za nje karibu na bembea. Kupiga simu mapema kuomba kiti cha mtoto kumesaidia nusu tu, kwani mara nyingi kipo kimoja na kimeshachukuliwa. Vitabu vya kupaka rangi havikufua dafu kwa mdogo, aliyetafuna kalamu. Migahawa ya usiku tumeiacha kwa sasa.