Naombeni ushauri: kisa cha John Snow nikianzie wapi?

Wakuu, naandika makala za historia ya sayansi kwa msomaji wa kawaida, nimekwama kwenye kipindupindu cha London, 1854, na John Snow, daktari aliyesema ugonjwa huo huenezwa na maji machafu. Wengi husimulia kwamba mpini wa pampu ya maji ya mtaa wa Broad Street uliondolewa kwa ushauri wake, ugonjwa ukakoma. Kitamu, ila kimetiwa chumvi: vifo vilishaanza kupungua, kwani watu wengi walikuwa wameukimbia mtaa. Mimi wananivutia zaidi wafanyakazi wa kiwanda cha bia cha jirani, waliokunywa bia badala ya maji ya pampu wakanusurika. Nianze na hao? Na walioamini hewa chafu ndiyo chanzo, wakiwemo madaktari wakubwa, niwaelezeje bila kuwafanya waonekane wajinga? Waliowahi kuandika mambo haya, nisaidieni.