Viza ya ndoa Marekani: nikaha kwa wakili, talaka ya mume na mahojiano Nairobi

BintiMvita aliuliza:

Assalaam aleikum jamani. Naomba mwanga kwa wanaozijua fomu hizi. Mume ni raia wa Marekani, asili yake Mombasa, anaishi Columbus, Ohio. Nikaha ilifungwa Mombasa Machi 2024 yeye akiwa hukohuko, akawakilishwa na wakili, yaani mtu aliyemteua amkubalie akdi. Agosti mwaka huo alikuja akakaa wiki sita. I-130, fomu ya raia kumwombea mkewe, aliituma Novemba 2024, imekubaliwa, na sasa NVC, kituo cha viza cha Marekani, wanataka malipo na nyaraka. Ana mke wa zamani aliyemwacha kwa talaka, na watoto wawili wadogo wanaokaa na mama yao. Kazi yake ni teksi za mtandaoni. Mimi nilifanya kazi Maskati miaka mitatu, nikarudi 2021.

Nikaha ya wakili itanikwamisha? Cheti cha polisi cha Oman ni lazima? Na ubalozini Nairobi wanauliza nini hasa? Kila mtu ana lake: mara nibebe albamu nzima ya harusi, mara nikariri siku ya kuzaliwa ya mama mkwe.

Karani_Kibokoni alijibu:

Wa aleikum salaam dada. Kabla ya hayo uliyouliza, kuna moja umelipitia haraka: talaka ya mume. Ndoa yako imesimama juu yake. Uhamiaji wa Marekani hutambua ndoa moja tu, na kama ile ya kwanza haikuwa imevunjika kisheria siku ya akdi yako, basi kwao hiyo yako haipo, hata kama shehe aliyeifungisha anajulikana mji mzima. Kwamba alitamka talaka si hoja. Hoja ni karatasi gani inayothibitisha, na ina tarehe gani.

Ikiwa mke wa kwanza aliachwa Mombasa, itafutwe hati ya talaka iliyosajiliwa kwa Kadhi, yenye muhuri. Ikiwa wote wawili walikuwa wakaazi wa Ohio, talaka ya msikitini haitoshi. Panatakiwa hukumu ya mahakama ya huko, na iwe imetoka kabla ya Machi 2024. Ikitokea kwamba ilitoka baadaye, msijaribu kuigusa tarehe. Mnaoana upya, na I-130 inaanza upya. Ni hasara ya ada, dola 675 kwa karatasi au 625 kwa mtandao, na ya miezi mingi, lakini uongo kwenye nyaraka unakuzuia kuingia Marekani maisha yako yote, na msamaha wake, fomu I-601, haupatikani kirahisi. Wala usijipe moyo kwamba I-130 imeshapita. Afisa wa ubalozi akiona kasoro anaweza kuirudisha faili USCIS, idara yao ya uhamiaji.

Sasa wakili. Nikaha ya namna hiyo haikatazwi, ila sheria yao inasema ndoa ambayo wawili hawakuwapo pamoja wakati wa kufungwa haihesabiki mpaka waingiliane baada yake. Kukutana kabla ya nikaha hakusaidii. Kwako mpangilio uko sawa: nikaha Machi, mkaonana Agosti, ombi Novemba. Lau ombi lingetumwa Juni, lingekuwa limetumwa kabla ya ndoa kukamilika machoni pao. Kwa hiyo wiki zile sita ndizo nguzo yako. Tafuta mihuri ya pasipoti yake ya kuingia na kutoka Kenya, tiketi za ndege, risiti ya mahali mlipokaa, picha chache zenye tarehe. (Kwa faida ya wengine: hata harusi zetu za kawaida, bwana msikitini na bibi nyumbani, afisa anaweza kuuliza nani alikuwa wapi. Jibu kama ilivyokuwa. Mkilala nyumba moja usiku uleule, swali limeisha.)

Hakikisha pia una cheti cha ndoa kilichosajiliwa chini ya Sheria ya Ndoa ya 2014, si ile barua ya imamu peke yake. Chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili au Kiarabu kitafsiriwe kwa Kiingereza, na mtafsiri aweke sahihi kwamba anazijua lugha zote mbili na tafsiri ni kamili. Hiyo ni pamoja na mazungumzo ya WhatsApp. Kurasa mia tatu za "umekula?" hazina msomaji. Chagua kumi na tano zilizosambaa miezi tofauti, utafsiri hizo.

Oman: ndiyo, ni lazima. Nchi yoyote uliyoishi miezi 12 au zaidi ukiwa umetimiza miaka 16 inadaiwa cheti chake. Hutolewa na Royal Oman Police. Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ina ukurasa wa nyaraka za kila nchi unaoeleza cheti kipi hukubalika na huombwaje. Fuata huo, usifuate wakala wa mtaani. Weka tayari nakala za pasipoti ya zamani na ile kadi ya ukaazi. Hiki ndicho kitakachochelewa kuliko vyote, kwa hiyo anza nacho. Cha Kenya ni chepesi: unaomba kwa eCitizen, unalipa Sh 1,050, unachapisha fomu C24 mbele na nyuma kwenye karatasi moja, unapigwa alama za vidole Huduma Centre au makao makuu ya DCI, Kiambu Road. Usiende na hina mbichi kwenye ncha za vidole, alama zinaweza kukataa kusomeka.

Na majina. Waliofanya kazi Ghuba mara nyingi wana Fatma kwenye kadi ya ukaazi na Fatuma kwenye pasipoti, au jina la babu limeruka. Andika majina yote hayo kwenye DS-260, fomu ya mtandaoni ya kuomba viza, pale panapouliza majina mengine uliyowahi kutumia, na uwe na hati ya kiapo ya wakili wa sheria inayosema ni mtu mmoja.

Mizania alijibu:

Niongeze upande wa pesa, kwa sababu madereva wengi hukwama hapa bila kutarajia.

NVC wanalipwa dola 325 za ombi la viza na 120 za kukagua dhamana. Dhamana yenyewe ni fomu I-864, ahadi ya kukukimu, na mume lazima aonyeshe kipato cha asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kwa idadi ya watu wake. Hesabu ya watu ndipo pa kuanguka. Wengi huandika wawili, mume na mke. Watoto wake wadogo wanahesabiwa hata kama wanalala kwa mama yao, kwa hiyo nyinyi ni wanne. Kwa kiwango cha 2025, wawili ni dola 26,437, wanne ni 40,187. Kiwango hubadilika kila mwaka. Tumieni jedwali la I-864P la mwaka mnaotuma.

Kwa dereva wa teksi za mtandaoni kinachotazamwa si pesa iliyoingia kwenye simu, ni kinachobaki kwenye ritani ya kodi. Mfano: ameingiza dola 52,000 mwaka 2024, ameendesha maili 30,000 za kazi. Mwaka huo makato ya maili yalikuwa senti 67 kila maili, yaani 20,100. Kimebaki 31,900. Kodi imepungua, kila mtu amefurahi, na dhamana imefeli. Kuirekebisha ritani sasa ili kipato kiongezeke ghafla kunaleta maswali mabaya zaidi.

Njia zilizopo ni mbili. Ya kwanza ni akiba: kwa mke wa raia, akiba iwe mara tatu ya upungufu. Hapa upungufu ni 8,287, basi akiba ni 24,861. Ya pili ni mdhamini mwenza, raia au mwenye green card (kadi ya ukaazi wa kudumu) anayeishi Marekani, si lazima awe ndugu. Yeye anajaza I-864 yake, anahesabu familia yake na wewe, bila kumhesabu mume wako. Aambatishe nakala ya ritani ya IRS (mamlaka ya kodi ya Marekani), W-2 (taarifa ya mshahara kutoka kwa mwajiri) na uthibitisho wa uraia au ukaazi. Aelezwe wazi kwamba anabeba deni la kisheria, na talaka hailifuti. Wapo waliotia sahihi wakidhani ni barua ya kumtambulisha mtu.

Mume bado anajaza ya kwake hata kama kipato hakifiki. Hili husahaulika sana.

BintiMvita:

Ahsanteni sana, Mola awalipe. Hati ya talaka ni ya Kadhi, 2022, na yule mke wa zamani aliishi Mombasa wakati wote. Mawili yamebaki: nina mtoto wa miaka saba, je, ataingia kwenye faili langu? Na nilitibiwa TB 2018, nikapona.

Zamu_ya_Asubuhi alijibu:

Mtoto haingii. Mke wa raia hana wa kumfuata kwenye faili. Mtoto anahitaji I-130 yake, ambayo baba wa kambo anaweza kuituma kwa kuwa ndoa ilifungwa kabla mtoto hajatimiza miaka 18. Itumwe sasa, na atafutiwe cheti cha kuzaliwa na idhini ya maandishi ya baba yake mzazi. Mizania atasema, lakini watu sasa ni watano: 47,062 kwa kiwango cha 2025.

TB iliyopona haikuzuii, ila usiifiche. Kovu linaonekana kwenye eksirei hata kama hukusema neno. Nenda kwenye kipimo cha afya, kliniki ya IOM (shirika la uhamaji) Nairobi au daktari mwingine aliyetajwa kwenye barua ya ubalozi, na kadi ya kliniki yenye majina ya dawa, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na eksirei za zamani kama zipo. Daktari akiona kivuli utatoa makohozi asubuhi tatu, na kuyaotesha maabara huchukua kama wiki nane. Kwa hiyo wewe usisubiri wiki ya mwisho. Lakini usiwahi kupita kiasi pia, maana kipimo kwa kawaida hudumu miezi sita na viza huisha nacho. Beba kadi ya chanjo. Kuhusu VVU, kwa wanaoogopa kuuliza: si kizuizi tangu Januari 2010.

Mahojiano sasa. Unainua mkono na kuapa, unachukuliwa alama za vidole, kisha afisa anaongea nawe dirishani huku akisoma DS-260 yako. Anachotafuta ni kama mdomo na karatasi vinakubaliana. Kwa hali yako tarajia: nani alikuwa wakili wa nikaha na mume alimteuaje, mahari ilikuwa nini, mlikaa wapi zile wiki sita, kwa nini aliachana na wa kwanza, watoto wanaitwaje, anaishi na nani Columbus, Oman ulifanya kazi kwa nani. Mama mkwe hana haja ya kukaririwa. Usichokijua sema hukijui. Kubuni ndiko kunakoharibu. Jibu swali lililoulizwa, kisha nyamaza.

Soma nakala ya I-130 pamoja na mume kwa simu, mstari kwa mstari. Kama kuna kosa kwenye DS-260, litaje mwanzoni kabla hujaulizwa. Na kama umewahi kuomba viza ya kutembea, kumbuka ulijaza nini. Wapo walioandikiwa na wakala kwamba wameolewa na mtu asiyekuwepo, na fomu ile bado iko kwenye mfumo.

Siku hiyo chukua pasipoti iliyobakiwa na zaidi ya miezi sita, barua ya miadi, ukurasa wa kuthibitisha DS-260, picha mbili za sentimita 5 kwa 5, na nyaraka zote asilia pamoja na nakala. Simu haiingii ubalozini Gigiri. Ukipewa karatasi ya 221(g), yaani viza haijatolewa bado, isome vizuri: mara nyingi ni nyaraka imepungua, na una mwaka mmoja wa kuileta.

Wasio raia wa Kenya wanaosoma hapa waangalie kwanza uraia wao kabla ya kulipa chochote. Matangazo ya rais wa Marekani ya Juni na Desemba 2025 yameweka vizuizi kwa raia wa Somalia, Burundi na Tanzania miongoni mwa wengine, na kuishi Nairobi hakubadilishi hilo.

Ukishapata viza, lipa dola 235 za USCIS kwa mtandao kabla ya safari, green card isije ikacheleweshwa. Na kwa kuwa nikaha ni ya Machi 2024, ukiingia miaka miwili ikiwa imetimia unastahili IR-1, kadi ya miaka kumi. Kama kwenye pasipoti imeandikwa CR-1, viza ya ndoa isiyotimiza miaka miwili, mwambie afisa wa uwanja wa ndege na umwonyeshe cheti cha ndoa, la sivyo utapewa kadi ya miaka miwili na mtaanza kujaza I-751, fomu ya kuondoa masharti ya kadi hiyo.