Naomba ushauri: biashara ya kumhamisha Gobert naipimaje?

Habari zenu wana kikapu. Nimekwama, naomba mnisaidie.

Julai 2022 Minnesota, timu ya NBA (ligi ya kikapu ya Marekani), walimchukua Rudy Gobert kutoka timu ya Utah kwa wachezaji watano, akiwemo Walker Kessler, pamoja na nafasi nne za raundi ya kwanza za drafti, yaani zamu za kuchagua wachezaji wapya wa ligi. Wengi tulisema wamepigwa. Lakini 2024 alitwaa tuzo ya mlinzi bora kwa mara ya nne, timu ikafika fainali ya Magharibi (hatua moja kabla ya fainali ya NBA), na 2025 ikafika tena.

Nimejaribu kuhesabu bloku (mitupo anayoizuia) na ribaundi (mipira anayodaka mtupo ukikosa), hazinipi jibu. Nikarudia mechi kadhaa nikimtazama yeye tu: mshambuliaji anaingia na mpira, anamwona, anageuka na kuutoa nje. Hilo haliandikwi kwenye takwimu za kawaida, na kwangu ndiyo kazi yake kubwa. Plasi-mainasi (tofauti ya pointi za timu yake na za wapinzani akiwa uwanjani) nayo inanichanganya, maana muda mwingi anacheza na wenzake wale wale wazuri.

Maswali yangu ni mawili: mnatenganishaje mchango wake na wa wenzake? Na nafasi ya drafti ya mbali, kama ile ya 2029 iliyomo kwenye biashara hii, mnaipa thamani gani leo?