Watengeneza mifumo, acheni kuwasumbua wakulima kwa herufi kubwa na ndogo!

Wakuu, habari za jioni. Nipo Moshi na nimekereka kwelikweli.

Chama chetu cha msingi cha wakulima wa kahawa kimeletewa mfumo wa meseji. Mkulima anatuma neno SALIO, anajibiwa kilo alizopeleka na malipo yake. Wazo zuri, wala silipingi. Sasa mama yangu mdogo yuko Kibosho huko, kaandika Salio. Kajibiwa "Neno si sahihi." Karudia, jibu lile lile, na kila meseji inakatwa hela. Mwisho kapanda gari mpaka ofisini kuuliza kama malipo yake yameliwa. Mkulima akijibiwa hivyo na mashine mnadhani anawaza nini? Anawaza kaibiwa!

Na simu yenyewe ndiyo inayoweka herufi kubwa mwanzoni na ndogo zinazofuata. Mama wa watu kakosea nini hapo?

Mimi kazi yangu ni programu, nikaomba nionyeshwe. Mstari wenyewe huu, kwa lugha ya programu iitwayo Java; equals inataka maneno yafanane herufi kwa herufi:

if (ujumbe.equals("SALIO"))

Kwa kompyuta kila herufi ni namba: A ni 65, a ni 97. Kwa hiyo Salio na SALIO ni vitu viwili tofauti, sharti halitimii, programu inaangukia kwenye else, yaani "vinginevyo", na kumfokea mtu. Java ina equalsIgnoreCase, isiyojali herufi kubwa wala ndogo, tangu toleo lake la kwanza kabisa. Ni neno moja tu la kubadilisha!

Nikalalamika. Jamaa wa mfumo "akarekebisha". Kaweka switch, amri inayochagua cha kufanya kwa kila neno lililoorodheshwa kama case, yenye case "SALIO", case "Salio" na case "salio", akasema tumemaliza. Tumemaliza nini? Neno la herufi 5 linaweza kuandikwa kwa namna 32, yeye kashughulikia 3. Mzee akituma SAlio anarudi kule kule. Switch ya Java ilianza kukubali maneno kwenye Java 7, mwaka 2011, na inalinganisha vile vile kama equals, haisamehi herufi hata moja. Unatakiwa ulisawazishe neno kabla halijaingia, yaani ukate nafasi za pembeni (trim) na uligeuze lote kuwa herufi kubwa (toUpperCase):

switch (ujumbe.trim().toUpperCase(Locale.ROOT))

Baada ya hapo case "SALIO" moja inatosha. Hiyo trim msiiruke, maana ukichagua neno linalopendekezwa na kibodi ya simu, mara nyingi linakuja na nafasi mwishoni. Na Locale.ROOT, inayozuia kanuni za lugha ya seva zisiingilie, si mapambo: bila hiyo, seva ikiwa imewekwa lugha ya Kituruki, i ndogo inageuka İ yenye nukta, unapata SALİO, na mkulima anakataliwa tena. Na ninyi wa lugha nyingine za programu: wa PHP mna strtoupper, wa Python mna upper na casefold. Hakuna mwenye kisingizio.

Nywila sizungumzii, hizo ziacheni zilivyo. Nazungumzia maneno ya kuamuru: SALIO, BEI, MSAADA, NDIYO, HAPANA.

Kilichonichefua kuliko vyote ni jibu nililopewa: eti "wakulima waelimishwe kuandika kwa herufi kubwa." Yaani mzunguke Kibosho, Machame mpaka Marangu mkifundisha watu wazima kubonyeza kitufe cha herufi kubwa, kisa ninyi hamtaki kugusa mstari mmoja? Mmelipwa kwa kazi hiyo, na hela ni ya wakulima hao hao.

Kama kuna mdau humu anayetengeneza mifumo ya vyama vya ushirika, afungue programu yake usiku huu, atafute kila equals inayopokea neno kutoka kwa mtumiaji, airekebishe. Na anayetaka kutetea hoja ya kuelimisha wakulima aje hapa, nipo macho.