Kambi ya likizo Rungwe: kijana anaitwa "anti", walezi nao wanacheka

Mlezi_BweniB:
Wakuu, kambi ya likizo ya Juni, upande wa Tukuyu. Vijana 48, miaka 13 hadi 17, siku kumi. Mvulana mmoja anaitwa "anti" na "dume jike" kwa sababu ya sauti yake, na hakuna anayetaka kulala naye dabodeka moja. Walezi wanacheka. Ukikemea unaulizwa, "Kwani na wewe ni mwenzake?" Nifanyeje nisiharibu zaidi?

NyandaZaJuu:
Usimwite kando kumuuliza kama ni kweli. Muulize nani, wapi, saa ngapi. Mara nyingi ni pale mlezi asipokuwepo: foleni ya bafu alfajiri, na baada ya taa kuzimwa. Juni huko baridi kali, maji ya moto ndoo chache, wote wanasongamana hapo. Gawa zamu, sita sita, dakika 15, mlezi asimame nje ya mlango.

Kosa la kawaida ni kumhamishia yeye karibu na walezi. Kesho yake wanasema, "Si mnaona!" Hamisha kinara wa kejeli, tena badilisha vitanda vya watu wanne watano kwa mkupuo mmoja isijulikane ni kwa ajili ya nani.

Neno likitoka, kemea palepale: "Hapa kila mtu ana jina lake." Mchezo uendelee. Ukihubiri dakika kumi umemweka jukwaani.

Bibi_Mwakaleli:
Walezi ndiyo ngoma nzito. Watasema ni utani. Mtani hurudishiwa, huyu anathubutu kurudisha? Usibishane nao habari za ushoga, mtakesha. Wabane kwa kazi: Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumtweza aliye chini ya miaka 18, na akiumizwa ataulizwa mwenye zamu. Ukiulizwa la "mwenzake", jibu "mimi ni mlezi wa zamu", nyamaza.

Wakili_Kijiweni:
Daftari la matukio liandike kosa la aliyetukana: maneno, saa, waliokuwepo. Usiandike "anashukiwa". Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, chenye kifungo cha miaka 30 hadi maisha, kinahusu kitendo cha kujamiiana kinyume na maumbile, si sauti wala mwendo. Ila daftari likifika kijijini nani atasoma kifungu? Mzazi naye usimpigie kabla hujamuuliza kijana anaogopa nini nyumbani. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure.

Mlezi_BweniB:
Na akiomba kurudi kwao?

NyandaZaJuu:
Muulize anataka kuondoka, au anataka waache. Akisema waache, anza na vitanda leo kabla ya chakula cha jioni.