Tupeane uzoefu: mliowahi kusukuma masuala ya mazingira yaingie kwenye kozi zenu za chuo, mlifanyaje?

Kimbweta (mleta mada)

Wakuu habari. Huu uzi naomba ubaki wa uzoefu tu, siasa za serikali ya wanafunzi tupeleke kwingine. Niko mwaka wa tatu chuo kimoja hapa Dar na klabu yetu ya mazingira imechoka kuwa klabu ya Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, yaani mnavaa tisheti, mnaokota chupa ufukweni, mnapiga picha na mgeni rasmi halafu mpaka mwakani. Darasani hakuna kinachogusika. Mtu anamaliza uinjinia au uhasibu, mabadiliko ya tabianchi kakutana nayo kwenye DS (somo la maendeleo) tu, na swali lake kwenye yuii, mtihani wa mwisho wa semista, kalikwepa. Tena tangu mradi wa HEET wa kuboresha elimu ya juu uanze 2021, ule wa dola milioni 425 za Benki ya Dunia, mitaala inafumuliwa vyuo vya umma, waajiri wanaitwa vikaoni, sisi tunaokalia viti tunaletewa dodoso la kutiki.

Sasa aliyefanikiwa kupenyeza kitu, hata kidogo, aje aseme alipitia mlango gani.

Mtoto wa Sivo

Mkuu sisi tulipitia asaimenti, hatukuomba kozi mpya wala nini. Kuna kozi ya mifereji na maji ya mvua, desa lake, yaani notsi za kusomea, ni la miaka hiyo, mfano wake umetolewa kitabu cha Uingereza, mvua ya Uingereza, mtaa wa Uingereza. Na sisi tunakaa Dar, tumekua tunaona Jangwani inajaa, mafuriko ya Desemba 2011 wengine tulihamishwa makwetu. Tukaunda kagrupu, tukaomba takwimu za mvua Mamlaka ya Hali ya Hewa, tukachukua kipande cha bonde la Msimbazi tukatengeneza swali kamili na majibu yake, tukampelekea lekchara likiwa tayari.

Utamu wake uko kwenye ile fomula ya Q = CiA, yaani maji yanayotiririka ni C mara nguvu ya mvua mara eneo. Kile kigezo C cha mtiririko, eneo la nyasi kinacheza 0.2 huko, zege linafika 0.9. Kwa hiyo unachukua eneo lile lile, mvua ile ile, unamwambia mwanafunzi piga hesabu kabla ya watu kusakafia viwanja vyao na baada. Maji yanakuja zaidi ya mara nne! Hapo huhitaji kumhubiria mtu, anaona mwenyewe kwa kalkuleta yake kwamba mfereji wa zamani hautoshi hata usipozibwa na taka. Lekchara alilipokea haraka kwa sababu, tuseme ukweli, tumempunguzia kazi. Sasa hivi linatolewa kila mwaka na wadogo zetu wanaongezea mitaa yao.

Mzee wa Bumu

Mnajiongezea mizigo tu. Watu wanawaza GPA na bumu, hela ya mkopo, halijaingia, nyie mnataka waongezewe kusoma.

Mtoto wa Sivo

@Mzee wa Bumu hakuna aliyeongezewa, swali moja limetoka moja limeingia, na lina maksi zile zile. Kitu kisicho na maksi chuoni hakisomwi, hilo nakubaliana na wewe asilimia mia.

Komredi wa Thika Road

Niaje watu wa Tz. Huku Nairobi mimi nilikuwa nafanya finance, na mambo ya mazingira yalikuwa yanachukuliwa kama ya watu wa miti, sijui Wangari Maathai, heshima kwake lakini watu wanaona si ya benki. Kilichotusaidia ni kazi. Oktoba 2021 Benki Kuu ya Kenya ilitoa mwongozo kuambia mabenki yapime hatari zinazotokana na tabianchi, halafu Juni 2023 vikatoka vile viwango vya kimataifa vya kampuni kuripoti mambo ya uendelevu na tabianchi, IFRS S1 na S2. Klas rep wetu, dada mmoja mkali sana, aliprinti zote mbili akaenda nazo kwa HOD, mkuu wa idara, akamuuliza, mwalimu, intavyuu ya benki wakituuliza hii tutajibu nini? Hakuna mwalimu anataka kusikia wanafunzi wake wameaibika kwa intavyuu. Semista iliyofuata yuniti ya risk ikapata wiki mbili za hiyo kitu, na CAT moja, jaribio la katikati ya semista, ikawa unachukua Sacco ya wakulima wa kwenu unaonyesha ukame ukikaa misimu miwili mikopo gani haitalipika. Mimi nilifanya ya wafugaji Kajiado. Ng'ombe ndio dhamana, ng'ombe wakifa dhamana imekufa na mdaiwa bado yuko na deni, sikuwa nimewahi kuona hiyo picha kwa notes yoyote.

Ushauri wangu, msiende kwa HOD na neno mazingira mbele. Endeni na ajira.

Binti Unguja

Asalaam aleikum. Mimi nilikuwa nasoma ualimu wa sayansi, na kwetu Paje wanawake wanalima mwani tangu mwisho wa miaka ya themanini. Tunafundishwa joto la bahari kwa grafu, na mama zetu wanalijua kwa mwani kuwafia mikononi, hasa ile kottonii yenye bei nzuri, maji yakipata moto inapauka na kukatika, inabaki spinosamu ambayo inavumilia lakini bei yake haina maana. Tukamuomba mwalimu wa mbinu za kufundishia atuache tuwalete wakulima watatu darasani wawe wageni wa somo.

Alikubali, ila mmoja wa wale kina mama alitushika pabaya. Alisema wanangu, watu wa vyuo mnakuja na makaratasi yenu mnatuuliza, mnaondoka, hamrudi hata kutwambia mmeandika nini. Darasa zima kimya. Ikabidi somo libadilike, badala ya insha kila kundi likaandaa kipindi cha kufundisha darasa la sita kule kule Paje, na wale kina mama ndio wakawa wanasikiliza nyuma na kusahihisha. Nauli na posho yao ya siku tulichanga wenyewe, chuo hakikuwa na fungu. Mkitaka kuwaita watu wa kijijini kuja kufundisha, walipeni, profesa akialikwa hupewa.

Mtu wa Baridi

Niko Uppsala, Uswidi, nasoma masta. Huku kuna kitu kinaitwa CEMUS, wakuu kitafuteni. Mwaka 1992 wanafunzi walisukuma wakapata kozi yao ya mwanadamu na asili, na 1995 kikawa kituo rasmi, sasa kipo chini ya vyuo viwili, Uppsala na kile cha kilimo. Ajabu yake ni kwamba wanafunzi wanaajiriwa, kwa mshahara kabisa, kuratibu kozi. Wao ndio wanapanga mada, wanachagua nani aalikwe kuja kufundisha, na kuna kundi la watafiti na walimu linawapitia mpango. Kwa hiyo unakuta jumatatu anaongea mtu wa fizikia, jumatano mchumi anampinga.

Sisemi tukopi, hela zao na zetu ni mbingu na ardhi. Nilichokiona mimi ni kwamba mwanafunzi akilipwa na akapewa jina kwenye kozi hatoroki mitihani ikikaribia, wakati klabu zetu nyumbani zote zinakufa wiki ya yuii.

Mwalimu wa Zamu

Vijana, mimi nipo upande wa pili wa meza. Nimekaa kamati za mitaala na naona mapendekezo ya wanafunzi yanavyokwama. Kozi mpya inatoka idara, inaenda kitivo, inaenda seneti, na programu yenyewe inapita TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, hapo nyie mmeshahitimu. Halafu digrii ya miaka mitatu ina krediti 360, krediti moja ni saa kumi za mwanafunzi, tayari imejaa. Mnaleta kozi tano za kuongeza na hakuna hata mmoja anayesema ipi itoke! Lakini kubadilisha mfano kwenye lekcha, swali la semina au mada ya fildi ripoti, hiyo ni mamlaka yangu mwenyewe, siombi ruhusa kwa mtu. Huyo kijana wa Msimbazi angekuja ofisini kwangu angetoka na kibali dakika ile ile.

Kimbweta

Shikamoo mwalimu. Na kwenye vile vikao vya wadau tunaingiaje?

Mwalimu wa Zamu

Marahaba. Muulize mkuu wa idara mapema tarehe ya mapitio, maana ikishafika ratiba ya kikao majina yamepangwa. Na mje na karatasi moja, kozi ipi, wiki ipi, nini kinatoka, nini kinaingia. Moja tu.

Mzee wa Bumu

@Mtoto wa Sivo hilo swali la mifereji lina Mwanza? Maana Mto Mirongo nao ukijaa ni balaa, na mimi fildi yangu iko jiji pale.

Mtoto wa Sivo

Mwanza bado halina, njoo inbox nikutumie faili tuingize mvua za huko.